Tandiko Begani Sokoni Makanya

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa mke wangu, maana yeye hulitia chumvi, na aibu niliyoipata siku ile inatosha bila chumvi.

Enzi za Mwingereza nilikuwa saisi, mtunza farasi wa meneja mmoja wa shamba la mkonge karibu na Same. Wazungu wakaandaa mbio ndefu za farasi, Same hadi Makanya na kurudi, na kwa kuwa bwana wangu alikuwa ameteguka mguu, akanipandisha mimi. Basi kichwa kikavimba! Nikatuma salamu milimani kwa mzee niliyempelekea pombe ya posa (jibu alikuwa hajatoa, ananipima tu), kwamba ateremke sokoni Makanya amwone mkwe.

Kabla ya soko kulikuwa na kituo cha daktari wa mifugo. Farasi wangu akakataa maji, kichwa kakiinamisha, nikajua kabisa huyu amechoka, hapa ndipo pa kumtoa mashindanoni. Daktari akamsikiliza moyo, akaniuliza, "Unamtoa au unaendelea?" Nikawaza, nitapitaje mbele ya wakwe kwa miguu? "Naendelea, bwana," nikajibu, huku nimepanga moyoni kwamba nikishaonekana tu, namtoa.

Sokoni watu wamejaa, mzee na mkewe wamesimama mbele, nami nikanyoosha mgongo kama gavana, na papo hapo farasi akasimama, akapiga magoti taratibu, akalala, nikabingirika hadi miguuni pa mama mkwe! (Kwetu Upareni mkwe hamsogelei mama mkwe hata kidogo, na mimi nimeshika upindo wa kanga yake.) Mama akapiga yowe, akajifunika uso, akakimbilia nyuma ya mikungu ya ndizi. Soko zima likaangua kicheko.

Farasi akainuka, anatetemeka. "Panda, umalize!" vijana wakapiga kelele. Nikamtazama yule mnyama, roho ikaniuma, habari ya kuonekana ikanitoka kabisa. Nikafungua tandiko, nikalibeba begani, nikamwongoza polepole kurudi kituoni, watu nyuma wanaimba kwamba leo farasi kampanda mtu.

"Namtoa," nikamwambia daktari. Kivulini farasi akanywa maji, nami nikapumua.

Mzee akanifuata.

"Shikamoo baba. Nimewaaibisha."

"Marahaba. Umetuaibisha kweli." Akalitazama tandiko, bado liko begani. "Ila anayembebea farasi wake mzigo, hatamwachia mke mzigo wa kuni. Njoo Jumapili tuongee."

Niliapa sitapita tena kituo na mnyama aliyechoka ili mradi nionekane, na sijapita. Mke nikampata, na raha ninayo. Tatizo ni kwamba maneno ya baba yake aliyasikia, na hadi leo kuni nabeba mimi.