Uzito wa Bwire

Amuge hakuwahi kuvipenda vile vyuma. Vilikuja uani mwake kimoja kimoja, kama wageni wasioaga: gia za trela, dramu za breki, mikebe ya rangi iliyojazwa simiti, na ekseli ndefu ambayo mumewe Bwire aliitoa kwa fundi mmoja pale Malaba, malori yanapopangia foleni ya kuvuka mpaka. Kila akienda kuanika nguo alijigonga kidole, na kila akijigonga alimsema Bwire, naye Bwire alicheka. Amuge alikuwa mtu wa Chakol. Alizoea ua wenye kuku na mihogo, si gereji.

Bwire alikuwa mpakuzi wa malori, mtu wa kifua kipana aliyeinama kila mlangoni. Jioni vijana wa mizigo na mautingo walijaa pale kunyanyua vyuma, wakimwita Kocha. Alikuwa na sheria moja na hakuwa na utani nayo: hakuna mtu kulala chini ya chuma bila mwenzake kusimama kichwani pake. Hata yeye, mikono ikimwasha na vijana hawapo, aliita jikoni, "Amuge, kuja usimame hapa." Amuge alikuja na unga mikononi, akasimama na kununa.

"Ikikuangukia, useme nilikuambia," alisema.

Kisha asubuhi moja, Bwire akifunga kamba za viatu, kiharusi kikampiga upande mzima wa kulia. Vijana walikuja mwanzoni na maji ya matunda, wakakaa kitandani, wakasema Kocha atapona. Baadaye wakapungua, na mwishowe wakawa wanapunga mkono kutoka barabarani. Asiwalaumu mtu sana, ila awalaumu kidogo. Mwanamume yule ndiye aliyewafundisha kusimama.

Amuge alibaki naye peke yake, maana Mungu hakuwajalia mtoto. Siku ya kumtoa kitandani akaoge, mgongo ulimkatika, wakaanguka wote wawili, Bwire chini, yeye juu. Bwire alianza kucheka, halafu kicheko kikageuka kuwa kilio. Ikabidi majirani waitwe.

Habari zikafika Budalang'i, kwao Bwire, na kaka yake mkubwa, Willis, akaja. Hakuja kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Amuge zaidi, kwa sababu mtu mbaya angeweza kumfukuza.

"Shemeji, huyu mtu ni mkubwa," Willis alisema. "Sisi kule tuko wanaume wengi. Wacha tuende na yeye nyumbani. Utakuwa unakuja kumwona."

"Sitaki," Bwire alisema kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

"Nitarudi tukimaliza kuvuna. Kama bado anakulemea, shemeji, tunaenda na yeye."

Amuge hakulala vizuri tangu siku hiyo. Mke asiye na mtoto, mumewe akichukuliwa na ndugu, hubaki kuwa mgeni wa kubisha hodi kwa mtu wake mwenyewe. Alijua hivyo, na Bwire alijua.

Asubuhi moja Bwire akaomba avutwe na kiti chake hadi mlangoni. Akatazama ua, akaona ekseli yake imegeuzwa kamba ya kuanikia.

"Toa hizo nguo," alisema. "Nikufundishe kunibeba."

"Wewe ni mgonjwa."

"Sasa mimi ni Kocha."

Lakini sheria yake ilimzuia. Nani angesimama kichwani pa Amuge? Alikaa pale akiwaza, akikasirika na mkono wake uliokufa, kisha akaanza kutoa sheria nyingine alizowahi kuwakataza vijana hata kuziuliza. Mpira wa tyubu wanaofungia gia zisitoke kwenye ekseli, autoe. "Ukiwa na mtu nyuma, funga. Ukiwa peke yako, wacha wazi. Ikikulemea unainamisha upande moja, zinamwagika, unatoka." Kila upande wa benchi la kulalia apange matairi ya zamani hadi yapite kifua chake, ili chuma kikishuka kipate pa kukaa kabla ya mbavu. Kidole gumba kizunguke chuma. Anapoinua kitu kutoka chini, kikae karibu na miguu, mgongo unyooke, magoti ndiyo yafanye kazi. "Na ile mara ya mwisho, ile unajiambia utaweza tu, hiyo iache. Hiyo ni ya watu wawili."

Amuge alianza na mkebe mdogo, karibu mtupu. Akaumwa hadi mahali asipojua kama pana nyama. Wanawake wa sokoni wakamwita Mama Trela, naye akawajibu kwamba waume zao wangependa kubebwa pia.

Siku moja chuma kilimkataa. Kilishuka, kikakaa kwenye matairi kikiwa kimembana kwa juu, naye asiweze kukisukuma wala kutoka chini yake. Mlangoni Bwire alijitupa mbele kana kwamba atanyanyuka, na kiti kikalia tu.

"Inamisha!" alipiga kelele. "Kushoto, Amuge, inamisha kushoto!"

Akainamisha. Gia zikateleza, zikaanguka chini kwa kishindo, kuku wakatawanyika. Amuge alibaki amelala, akicheka kwa kuona kwamba yu hai. Alipogeuka alimkuta Bwire analia.

"Nilikuwa hapa," Bwire alisema. "Nilikuwa hapa na sikuweza kuja."

Ikafika wakati akaweza kumbeba. Alimtoa kitandani, akampeleka bafuni, akamkalisha, bila kuita jirani. Jioni alimbeba hadi mbele ya nyumba akayaone malori, na madereva waliomjua wakampigia honi. Ilikuwa furaha ya kweli, na haikudumu.

Kwa sababu Bwire alikuwa anapungua. Chakula hakikumshuka kooni. Uji ulirudi, supu ikarudi. Daktari wa hospitali ya Alupe aliongea maneno mengi mara ya kwanza, na mara ya pili akaongea machache. Ila Amuge alishajua kabla ya daktari. Mikono iliyojifunza kuutambua mkebe huu na ule hata macho yakiwa yamefumbwa ingekosaje kumjua mumewe? Kila juma alikuwa mwepesi kidogo, na yeye kila juma alikuwa na nguvu zaidi. Hapo ndipo alipoanza kuguna. Kila akimwinua alitoa mguno mkubwa na kusema, "Mzee, leo umekula mawe," na Bwire alitabasamu kwa upande wake mmoja.

Willis alirudi baada ya mavuno. Amuge hakumsubiri aulize. Alimwinua Bwire kitini mbele yake, akasimama wima. Willis alitazama mikono ya shemeji yake, kisha akamtazama ndugu yake aliyening'inia pale, akavua kofia.

"Umeshinda, shemeji," alisema, akatoka nje akasimama karibu na matairi, mgongo umegeukia nyumba.

Amuge alikuwa ameyatafuta maneno hayo kwa jasho. Sasa alikuwa nayo, na hayakuwa na maana yoyote. Kama angepewa kuchagua, angechagua kushindwa, Bwire awe mzito vilevile.

Willis alipoondoka, Amuge alimwinamia mumewe amrudishe kitandani. Akaguna.

"Wacha hiyo sauti," Bwire alisema.

"Sauti gani?"

"Mtu huguna kitu ikikataa kutoka. Wewe unaanza kabla hujanishika. Mimi nimesikiza watu wakibeba maisha yangu yote, Amuge."

Amuge akamshika vizuri. Akamwinua kimya kimya, na ilikuwa rahisi, rahisi kwa namna ya kuchukiza.

"Tangu lini umejua?" aliuliza.

"Kitambo. Ulikuwa unajitahidi sana. Sikutaka kukuharibia." Akaegemeza kichwa begani pake. "Niambie ukweli. Sasa mimi ni mkebe gani?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Amuge na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Ule mdogo," alisema. "Ule nilianza nao."

Bwire akaitikia kwa kichwa polepole, kama kocha aliyepewa jibu sahihi.

"Basi usinilaze bado," alisema. "Ukichoka ndio unilaze."

Amuge akasimama naye katikati ya nyumba, mgongo umenyooka kama alivyofundishwa, akiomba mikono yake ichoke, nayo haikuchoka.