Barua Niliyoiandika "Siri"

Nilipokuwa karani katika shamba la mkonge pale Mazinde, fundi mmoja wa mitambo aliniazima kitabu cha Kiingereza kilichong'oka jalada na kurasa za mwanzo. Hata leo sijui kinaitwaje. Kilisimulia nchi ya kubuni, ya miaka ijayo, ambako wakubwa wanajua kila mtu amekula nini, amelala wapi na amemnong'oneza nini mkewe. Kazi hiyo ilifanywa na mitambo. Nilikisoma kwa msaada wa kamusi, nikamrudishia mwenyewe nikiwa nimekasirika.

"Hukukipenda?" akaniuliza.

"Mwandishi anatutisha na mitambo bure. Kwetu Handeni unatosha wembe."

Akacheka, akidhani natania.

Wakati huo mama alikuwa amehamishiwa katika kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka kwetu kwa zamani. Sitasema kijiji kile kilikuwa kibaya chote. Kilikuwa na bomba la maji, shule na zahanati, na nyimbo za shamba la pamoja bado zinanijia nikiwa safarini, nikatamani kurudi. Lakini kilikuwa pia na katibu, na sanduku la posta moja kwa watu wote.

Kila Alhamisi katibu alikwenda mjini kwa baiskeli kuchukua barua. Akirudi, watu walikuwa wameshajaa kwenye baraza la ofisi ya kijiji. Alichana bahasha kwa wembe, moja baada ya nyingine, akasoma kwa sauti. Ilianza kama hisani, kwani wengi hawakujua kusoma. Salamu zikisomwa, baraza zima liliitikia, "Zimefika!" Ukitajwa msiba walilia wote, ikitajwa harusi zilipigwa vigelegele. Baada ya muda hata waliojifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima hawakuthubutu kuomba barua zao zikiwa zimefungwa. Mmoja alijaribu. Katibu akamwuliza, "Ndugu, una jambo gani ambalo wenzako hawapaswi kulisikia?" Watu wote wakamgeukia. Akajibu kwamba hana, akakaa chini, barua yake ikasomwa.

Mama alikuwa na jambo. Kule tulikohama alikuwa amebakiza kibanda na shamba dogo la mihogo kando ya kaburi la baba. Kurudi kule kulikatazwa. Yeye alimwambia balozi wake wa nyumba kumi kwamba anakwenda kutafuta kuni, kumbe anakwenda kupalilia na "kukaa na baba yako," kama alivyoniambia mimi peke yangu. Balozi alikuwa mzee mwenye huruma. Hakuuliza kwa nini kuni zinamchukua siku nzima.

Mvua zilipokaribia nikamwandikia. Nilikuwa Mombo, nikisubiri basi, karatasi iko gotini, wauza mahindi ya kuchoma wananipigia kelele sikioni. Niliandika, "Mama, mwezi ujao nitakuja tuezeke kile kibanda cha kule kwa baba kabla mvua haijakiangusha. Usimwambie mtu." Kisha, kwa kuwa nilijua habari za lile baraza, nikaandika juu ya bahasha neno SIRI kwa herufi kubwa, nikalipigia mistari miwili, kama nilivyoona kwenye mafaili ya ofisini. Nilikuwa na miaka minne ya sekondari kichwani, na niliamini kwamba mtu wa serikali akiliona neno hilo ataliheshimu hata likiwa la mwanamke mkulima.

Katibu alianza na hiyo.

Alisoma salamu, zikaitikiwa. Alisoma habari ya kibanda. Alipofika kwenye "usimwambie mtu," baraza likapasuka kwa kicheko, na mwanamke mmoja akapaza sauti, "Bibi, usiwe na wasiwasi, hatutamwambia mtu!" Mama alinisimulia kwamba na yeye alicheka. "Ningefanyaje, mwanangu? Nilicheka nao." Katibu hakucheka. Aliirudia sentensi ya kibanda, polepole, mara mbili.

Kesho yake mgambo walikwenda wakakibomoa. Mihogo wakaing'oa yote, hata ile changa, ikapikwa siku ya kazi ya pamoja. Mama alipakuliwa sahani yake kama wenzake. Yule balozi mzee aliondolewa ubalozi.

Mimi nilifika mwezi uliofuata, sijui lolote. Wanawake waliokuwa bombani waliponiona wakaita, "Karibu, Usimwambie Mtu!" Hilo ndilo lilikuwa jina langu jipya. Hawakuwa na nia mbaya, na hao hao ndio waliompelekea mama uji alipougua. Mpaka leo nashindwa kuwachukia, na hilo linaniudhi zaidi.

Mama aliponieleza yaliyotokea, nilikwenda moja kwa moja ofisini.

"Ndugu katibu, barua ile ilikuwa na jina la mama."

"Ilikuja kwa sanduku la kijiji."

"Niliandika siri."

"Ndiyo maana nilianza nayo," akasema, bila haya. "Kijana, nani aliyekufundisha kwamba mama yako ni wako peke yako?"

Nikatoka nje, nikarudi kwa mama. Sasa imepita zaidi ya miaka arobaini, nimehama hama, nimepanga chumba Korogwe ya Zamani, na majibu yote ninayo, lakini katibu hayupo. Nimesoma vitabu vingine vya namna ile. Waandishi wake wanaonya vizuri, ila mtazamaji wao huwa mkubwa, yuko mbali, na siku zote yuko katika wakati ujao. Sijakuta hata kimoja chenye baraza la majirani wanaoitikia salamu za barua ya mtu mwingine. Nikisema hivyo, wazee wenzangu wa kahawa hunikemea: "Acha hizo, tuliishi kama familia." Familia gani? Hata ndani ya familia watu hupiga hodi.

Siku ile mama alinisindikiza hadi barabarani, akaniomba nisimwandikie tena. Nikamwambia basi nitakuja mwenyewe, tuzungumze tukiwa wawili. "Njoo," akasema, "ila usiniulize mambo."

Nilikwenda kila mwaka. Tukiwa wawili tu ndani, mlango umefungwa, mama alinijibu kwa sauti kubwa, kama anayehutubia: mzima, hana shida, kijiji kinaendelea vizuri, Mungu ashukuriwe. Nikimsogelea anong'one, anasogea nyuma. Ugonjwa uliomuua nilielezwa na mganga wa zahanati baada ya maziko. Alikuwa nao miaka miwili.