Taja Jina, Mtoto Atoke

Mama mkwe wangu, Ernesta, alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Ukimletea maziwa, anamwonjesha paka kwanza. Ukirudi shambani na tenga la majani ya ng'ombe, anayafukua hadi chini, kisha anakuangalia usoni kana kwamba umemficha mtu humo. Mlango wake aliufunga kwa kamba ya mgomba, fundo analolijua yeye peke yake. Watu wa Vudee walimcheka. Mimi niliyeolewa mle ndani sikuwa na cha kucheka.

Ilikuwa zama za Mwingereza, vijana wetu wakishuka Same kupanda treni kwenda kukata mkonge Korogwe, wapate ya kodi. Mume wangu Sefania aliondoka mvua za vuli zilipoanza, akaniacha na mimba changa, ya kwanza. Sasa vijijini unakujua, kila mwanamke anahesabu tumbo la mwenzake. Mavuno ya masika yakaisha, Agosti ikaanza kuyoyoma, mimi bado natembea na tumbo langu. Mferejini minong'ono ikaanza: kama mimba ni ya Sefania, mbona mtoto hajatoka? Si bure, ameipata mumewe akiwa keshaondoka.

Aliyelivalia njuga jambo hilo ni shangazi Dorkas, dada wa marehemu baba mkwe wangu. Mama huyo, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo jamani! Alisema mtoto akichelewa namna ile anasubiri baba yake wa kweli atajwe. "Taja jina, mtoto atoke." Nikitaja, narudishwa kwetu Chome siku hiyo hiyo, na mtoto anakwenda kwa huyo niliyemtaja. Nisipotaja, eti tutakufa wote wawili. Aliniambia hayo huku anatafuna muwa.

Na Ernesta je? Alihamishia kigoda chake chumbani kwangu. Haniulizi kitu, ananiangalia tu. Dorkas akileta uji, anaonja yeye kwanza. Mgeni akija, anakaa katikati yetu. Nikajisemea, huyu ananivizia, anasubiri niropoke jina usingizini akalitangaze. Nilimchukia, sifichi. Nilimchukia kuliko Dorkas.

Asubuhi moja Dorkas akaja na wanawake wawili wa ukoo, wakanizunguka kitandani. Taja, Lea. Taja, usituletee msiba. Miguu imenivimba, mgongo unaniuma, usingizi sijui ulikokwenda. Nikaona bora yaishe, nitaje yeyote yule. Akanijia kichwani mwalimu mmoja, maskini wa Mungu, ambaye kosa lake ni kunisalimia njiani. Nikafungua mdomo.

Mkono wa Ernesta ukaniziba. Ulikuwa mgumu na unanuka moshi.

"Usitaje," alisema. "Mimi nilitaja."

Dorkas akashtuka. "Wifi, yale si yalishakwisha?"

"Yalikwisha kwako."

Akasema yote bila kuniondolea mkono. Kumbe Sefania naye alikawia tumboni vivyo hivyo, na Ernesta akazungukwa vivyo hivyo, Dorkas akiwa mbele. Alipochoka akamtaja Hezroni, kijana aliyekuwa akigawa maji ya mfereji. Kwa bahati mbaya uchungu ukamshika jioni ile ile, basi kila mtu akaamini. Baba mkwe alikataa kumtoa mtoto, lakini Hezroni alitozwa ng'ombe, akazomewa mpaka akahama mlimani, akashukia Same.

"Hezroni hakuwahi kunishika hata mkono," alisema Ernesta. "Nilisema uongo, mkaniamini nyote. Tangu siku ile nimwamini nani mimi?"

Akamgeukia Dorkas.

"Huyu anachelewa kwa sababu ni wa Sefania. Amechukua kwa baba yake. Haya, tokeni."

Wakatoka. Wiki iliyofuata nikajifungua mtoto wa kiume, mkubwa, kucha ndefu, ngozi inabambuka, na hakuna mwanamume aliyetajwa. Siku hizi mjukuu wangu Rogathe, ambaye ni muuguzi, ananiambia kuchelewa huko huweza kutembea katika damu, ya mama na hata ya baba, na kwamba zipo homoni za kuamsha uchungu ambazo kwa wengine hukawia. Ernesta angekuwapo, maneno hayo angemwonjesha paka kwanza.

Mtoto alipokaza shingo, Ernesta aliniambia nimbebe tushuke Same. Tulimkuta Hezroni karibu na stesheni, mzee wa mvi, anauza mkaa, hana mke wala mtoto. Moyo uliniuma kumwona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida, macho yako kwa Ernesta.

Ernesta alimchukua mtoto mikononi mwangu, akapiga magoti kwenye vumbi la mkaa. Akamwinua mtoto ili Hezroni ampokee, machozi yakamtangulia kabla ya neno la msamaha kutoka.

Hezroni alirudi nyuma, mikono akaificha mgongoni.

"Na huyu naye," aliuliza, "mnasema ni wangu?"