Alikuwa Anashika Tochi Tu

Mume wake aliwaambia watu kwamba kwa miaka kumi na tisa mke alikuwa anamshikia tochi tu. Huo ndio ubaya aliotendewa mwanamke huyu. Kuachwa, aliachwa, ni kweli. Karakana ya kutengeneza majokofu ikabaki kwa mume, na mwanamke mwingine akahamia na mito yake. Hayo huwapata wengi, na wengi wao huamka asubuhi wakaoga wakaendelea. Lakini siku mteja mmoja alipouliza, "Na yule mama aliyekuwa hapa, hakuwa fundi yule?" mume alicheka, akafuta mikono, akasema, "Yule? Alikuwa ananishikia tochi tu."

Waliokuwepo wakacheka naye. Neno likatoka pale karakanani likazunguka mtaa mzima, na haukupita mwezi mwanamke akawa na jina jipya: Mama Tochi. Kwa kuwa hakujaliwa mtoto, jina lile lilimchoma mara mbili. Ni kama walimwambia, haya, mtoto wako huyo hapo, mtie betri.

Ukweli ni kwamba kila bomba la shaba lililotoka kwenye karakana ile lilipindwa na mikono yake. Mume alizungumza na wateja na kuandika risiti, maana yeye mwanamke hakusoma, hajui a wala be. Aliyeandika ndiye aliyeonekana. Siku ya kuondoka alibeba begi la nguo na kitu kimoja tu cha kazi, tochi yake ya gesi, ile ya moto wa kuunganishia mabomba, ambayo mpini wake ulikuwa umeshika umbo la kiganja chake.

"Beba tochi yako," mume alimwambia mlangoni, akicheka peke yake.

Akaenda kwa dada yake mkubwa, mshona nguo, akapewa godoro kati ya cherehani na marobota ya vitambaa. Akawa anaziba birika zinazovuja na mabomba ya jikoni. Mwaka ukapita hivyo.

Asubuhi moja mtu akabisha hodi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na nane hivi, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga.

"Karibu," dada alisema bila kuondoa mguu kwenye pedali. "Kama ni suruali, ziko saba mbele yako."

"Shikamoo mama. Si suruali. Namtafuta Mama Tochi."

Mama Tochi alikuwa amechuchumaa mlangoni na birika mapajani. Hakuinua uso. "Umetumwa uje unicheke, au umejituma mwenyewe?"

"Nikucheke kwa lipi, mama? Nimekuja kwa sababu nimeambiwa wewe ndiye uliyekuwa unashika tochi."

"Nani kakwambia?"

"Mume wako. Yaani, wa zamani." Binti akaketi kwenye robota la kitambaa bila kukaribishwa. "Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Kazini kwetu kuna jokofu lililotengenezwa kwenye karakana yenu, maungio yake hata kucha haikwami. Nikampelekea yeye kazi yangu. Amenipindia mabomba mara mbili, yote yamebonyea kama mrija wa soda. Nikamuuliza, bwana, lile jokofu letu ulifanya na nani? Akasema na mke wangu wa zamani, lakini yule alikuwa anashika tochi tu. Nikamwambia asante, ndiye ninayemtafuta. Mtaani wakanielekeza huku, kwa Mama Tochi."

Cherehani ikanyamaza.

"Binti," Mama Tochi alisema polepole, "unajua alimaanisha tochi gani?"

"Tochi si tochi? Ya moto. Kwetu tunayeyusha madini ya meno. Anayeshika tochi ndiye fundi, sisi wengine tunampisha." Akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani kuna nyingine?"

Dada alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. "Jamani! Amemkata shemeji kwa kisu chake mwenyewe, na wala hajui kama ameshika kisu!"

Mama Tochi hakucheka. Aliweka birika chini, akanawa mikono, akasema, "Fungua shuka."

Ndani mlikuwa na kompyuta, lakini si ya kawaida. Ilikuwa sanduku la chuma lenye ukubwa wa boksi la viatu, na vitu vimebanana humo kama abiria wa mwisho wa mwezi. Ilikuwa ya kuchezea gemu. Binti alikuwa na wenzake wanne, kila mmoja mji wake, na jioni walicheza pamoja wakisemezana. Chumba chake cha kupanga kilikuwa na meza moja, nusu yake imejaa meno ya plasta, kwa hiyo hakuweza kuweka sanduku kubwa. Na hilo dogo lilichemka. Feni zilipiga kelele hata wenzake wakawa wanamuuliza kama amekaa kiwandani.

"Nataka ipozwe kwa maji," alisema. "Hii hapa ndiyo prosesa, ndiyo ubongo wake. Unawekewa kifuniko cha shaba chenye mifereji ndani, myembamba kama nywele. Hii kadi ya picha nayo ina kifuniko chake. Pampu inasukuma maji yapite kote, yaende kwenye rejeta yapoe, yarudi. Mabomba ya plastiki hayaenei. Lazima yawe ya shaba, yapindwe kwa mkono."

"Ni jokofu," Mama Tochi alisema.

"Eeh, kama jokofu."

"Si kama. Joto linatolewa huku linapelekwa kule. Nimefanya kazi hiyo kabla hujamaliza kuota hayo meno yako mwenyewe." Akagonga rejeta kwa ukucha, akasikiliza. "Hii umepewa na nani?"

"Na yeye."

"Ni alumini. Mrudishie. Shaba na alumini ukizitia kwenye maji mamoja, mmoja anamla mwenzake, taratibu, mpaka atoboke."

"Kama ndoa fulani," dada alisema, na cherehani ikaanza tena.

Binti aliagiza rejeta ya shaba, ikachukua wiki mbili kufika. Siku aliyoileta hakuondoka mara moja. Alisimama mlangoni akisugua kidole gumba. "Mama, sikufichi. Vitu vilivyomo humu nimevikusanya kwa miaka mitatu. Tone moja likianguka kwenye hiyo kadi, basi."

"Najua," Mama Tochi alisema. Na alijua zaidi ya hilo. Tone moja likianguka, mtaa utasikia kabla ya magharibi, na kule karakanani mtu atafuta mikono na kusema, si niliwaambia?

Hakupima kwa rula, maana namba za rula hazikumwambia kitu. Alipima kwa uzi wenye mafundo na kwa upana wa vidole vyake. Kati ya kadi na ukuta wa sanduku palikuwa na nafasi ya kidole kimoja na nusu. Akachukua waya mnene wa umeme akaupinda kwanza, akauingiza na kuutoa, akaunyoosha na kuupinda upya, mpaka kila waya ukakaa bila kugusa kitu. Nyaya zikawa sita, zikapangwa ukutani kwenye misumari kama nguo za kujaribia za dada.

Ndipo ikaja chumvi.

Bomba la shaba ukilipinda tupu linabonyea. Mafundi wengine hulijaza mchanga, lakini chembe moja ya mchanga ikibaki ingeziba mifereji ile ya nywele. Yeye alitumia chumvi. Aliikaanga kwanza kwenye sufuria mpaka ikauke kabisa na kuacha kulia, maana chumvi yenye unyevu ikipata moto hupasua bomba. Akaishindilia ndani, akaziba ncha, akawasha tochi. Alilipasha bomba mpaka likawa jekundu hafifu, akaliacha lipoe, kisha akalipinda kwa mikono kwenye duara la mguu wa meza. Likaja lenyewe, mviringo mzuri, bila kovu. Akazibua ncha, akaitoa chumvi kwa maji.

Kwa miaka kumi na tisa kazi hiyo aliifanya jikoni kwake, alfajiri kabla ya kwenda karakanani, na mume hakuwahi kuuliza. Alichofanya ni kulalamika kwa ndugu zake kwamba ameoa mharibifu, chumvi ya mwezi inaisha kwa wiki.

Penye kona mbili hapakuwa na nafasi ya kupinda, akaunganisha kwa moto na madini kidogo ya fedha ya kuchomea. Kisha akaziba ncha za kila bomba, akalijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, akalizamisha kwenye beseni na kungoja povu. Halikuja. Baada ya hapo akaanza kuosha, na kuosha huko kulichukua siku mbili, kwa sababu chumvi iliyosalia hula shaba. Alipitisha maji safi, akakinga matone ya mwisho kwenye kijiko, akaonja. Akapitisha tena, akaonja. Dada alimwuliza kama ndiyo mboga anapika. Alipomaliza, maji yalitoka hayana ladha ya kitu chochote.

Siku ya kujaza binti aliomba ruhusa kazini. Walitia maji ya betri, yale safi yanayouzwa kwa mafundi magari, wakatandaza karatasi laini nyeupe chini ya kila ungio, na wakaipa umeme pampu peke yake. Maji yakakoroma, yakatema hewa, yakatulia. Saa ya kwanza ikapita, karatasi kavu. Ya pili, kavu. Chumba kilikuwa na joto, dirisha limefungwa vumbi lisiingie, na Mama Tochi alikuwa ameinama juu ya sanduku tangu asubuhi.

Saa ya tatu binti alipiga kelele. "Mama! Hapo!"

Kwenye karatasi, chini kabisa ya lile ungio la kona, palikuwa na tone.

Mkono wa binti ulikwenda kwenye swichi. Dada alisimama. Mama Tochi aliisikia kabisa ile sauti ikisema, si niliwaambia. Lakini mkono wake ukawa umeshatangulia. Akabonyeza kidole kwenye lile tone, akakitia mdomoni.

Akaonja tena.

"Lina chumvi," alisema.

"Mungu wangu, basi imebaki chumvi ndani, na bomba linavuja!"

"Ndani hakuna chumvi. Nimeosha siku mbili kwa ulimi huu huu." Akajipitisha mkono kwenye paji la uso, ukatoka umelowa. "Hili ni jasho langu. Lete karatasi nyingine, na unifungie kitambaa kichwani."

Dada aliketi akajipepea kwa suruali ya mteja. "Mdogo wangu, utaniua kwa kompyuta ya watu."

Karatasi mpya ilikaa mpaka jioni, nyeupe, kavu kama unga. Wakaiwasha kompyuta yote. Binti alivaa vipokea sauti, akaita wenzake, na baada ya dakika kumi akaanza kucheka. "Wanauliza kama nimekufa," alisema. "Wanasema hawasikii feni." Kisha akaufyatua mfuniko wa sanduku na kuyapiga picha mabomba yanavyopita, sita, yanang'aa, hakuna linalomgusa mwenzake. Akawatumia. Wawili wakaomba waambiwe fundi yuko wapi.

Kabla ya mwezi kwisha kulikuwa na masanduku mawili mengine juu ya marobota ya kitambaa, na dada akasogeza cherehani yake hatua moja ili meza ya pili ienee. Hata zile birika Mama Tochi alianza kuzitengeneza akiimba.

Ndipo wifi yake alipokuja, dada wa yule mume. Alikuwa hajakanyaga hapo tangu waachane. Akasifu mapazia, akasifu afya ya kila mtu, akakaa.

"Wifi yangu," alisema, "kaka anasema anakumbuka kazi zenu za zamani."

"Anakumbuka?"

"Eeh. Sasa anauliza, kidogo tu. Kuna watu wanampelekea hizi kompyuta za maji. Anauliza, yale mabomba, ulikuwa unatia nini ndani yasibonyee?"

Mama Tochi alilitazama bomba alilokuwa amelishika, akalipuliza upande mmoja, akalitua.

"Mwambie sikuona vizuri," alisema. "Mimi nilikuwa nashika tochi tu."

Wifi alikunywa maji yake akaaga. Ujumbe ulifika, na jibu halijarudi. Anachodaiwa yule mume kinajulikana, wala si karakana wala vyombo. Ni sentensi moja, aitoe mwenyewe, palepale karakanani, mbele ya wale wale waliocheka: kwamba mabomba yalipindwa na mke wake. Mpaka leo hajaitoa. Na chumvi, yeye bado anaipikia mboga tu.