Krismasi Kumi na Moja za Baba Mdogo

Baba mdogo ndiye aliyenipa silaha ya kumwaibishia, tena kwa mikono yake mwenyewe.

Baba alipofariki tulimzika nyumbani, huku milimani juu ya Same, chini kidogo ya jiko la mama. Kutoka kaburini hadi shamba la baba mdogo kulikuwa na hatua kumi, halafu mstari wa masale. Kwetu hakuna haja ya uzio. Masale yakishapandwa ndiyo mpaka, na mtu mwenye akili zake hayagusi.

Baba mdogo aliyagusa. Kila mwaka vuli ikilainisha udongo anayang'oa, anasogeza hatua moja, anapanda upya. Mama akilalamika anajibiwa, "Shemeji, macho yako yamezeeka." Mzee wa kanisa huyo! Watu wakamwamini yeye, mama akanyamaza. Mwaka juzi masale yakagusa saruji ya kaburi. Hatua moja zaidi na baba yangu angelala kwenye shamba la aliyemwibia, na mama angeomba ruhusa kwenda kupalilia kaburi la mumewe.

Mimi naandika mabango Same mjini, ya vinyozi na mama lishe. Pembeni natengeneza picha za kubandika, mchanganyiko wa mbao, vitambaa, udongo na gundi. Nikakumbuka kwamba mpiga picha wa ukoo ni baba mdogo. Kila Krismasi, tukishapanda kutoka mijini, anatupanga nje kwa mama. "Simameni palepale pa mwaka jana!" Kaburi linabaki kushoto, masale nyuma yake. Kisha anatutumia wote kwenye simu. Alaa! Kumbe mtu anajishtaki mwenyewe kila mwaka, huku anatuambia tucheke.

Nikazichapisha zote kumi na moja. Kwenye plaiwudi nikatandaza kanga aliyojifunga mama siku ya mazishi, juu yake nikazipanga picha kwa miaka. Mama anazidi kunywea, wajukuu wanarefuka. Chini ya picha nikapaka gundi na udongo mwekundu wa shambani kwetu, mpana mwanzoni, ukipungua mwaka hadi mwaka mpaka ukabaki uzi. Kila mahali mpaka ulipofika nikabandika jani kavu la sale. Watu husema sanaa hutuliza moyo. Thubutu! Kila jani nililolikandamiza nilikuwa namkandamiza yeye.

Krismasi iliyopita nikaitundika ukutani kwa mama, ukoo mzima ukisubiri pilau. Baba mdogo akaja na suti yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umetutengenezea nini?"

"Ni kazi yako hiyo. Picha zote ulipiga wewe."

Akacheka, akasogea. Alipofika ya tano kicheko kikakatika. Nyuma yake watu walishaanza kuhesabu hatua kwa sauti, mpaka watoto. Nilifurahi, jamani. Na sijatubu hadi leo.

Baba mkubwa, kaka yao, hakutoa hotuba. Alimwambia mdogo wake, "Chukua jembe." Pilau ikafunikwa. Baba mdogo akavua koti, akang'oa masale shina kwa shina, akayarudisha hatua kumi mbele ya macho ya watu wote. Suruali yake ilijaa matope magotini.

Mama akatoka na kikombe cha maji. "Mama, mwache," nikamwambia. "Anywe jasho lake." Akanipita, akampa. Nilikasirika karibu nilie.

Nikatoa simu nimpige picha. Baba mdogo akainamisha kichwa.

"Na hii nayo utaibandika?"

"Nitaikuza kabisa."

Akazidi kuinama. Mama akasubiri amalize kunywa, akapokea kikombe chake, akasogea pembeni ili kaburi lisizibwe.

"Inua uso, shemeji," akasema. "Nataka mume wangu akuone."