Nyayo Saba Kando ya Chemchemi

Mzigo uko mezani tangu Jumanne na bado sijaufungua. Niliupokea stejini mjini Nakuru kwa kijana wa vifurushi, ambaye alinisukumia daftari nitie sahihi bila hata kuniangalia usoni, nikaubeba mpaka nyumbani Kiamunyi kama mtu aliyebeba mayai. Ni boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya mkonge. Uzito wake naujua. Ndani mna unyayo wa mnyama, wa plasta, na aliyeutengeneza alikuwa mwalimu wangu, na amezikwa mwezi uliopita. Binti yake ndiye aliyeutuma. Ngoja nikusimulie kwanza, rafiki yangu, halafu tutaufungua pamoja, maana peke yangu nimeshindwa.

Nililelewa Dundori na nyanya yangu, ambaye tulimwita Shosho kama nyanya wote wa huko. Mama alikuwa kwenye mashamba ya maua Naivasha, tukimwona mwisho wa mwezi akiwa na mkate na sabuni. Nikikumbuka nyumba ile naanza na baridi. Mwezi wa Julai ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni saa tisa alasiri, unaingia jikoni bila kubisha, na sisi tunasogelea moto tukimenya viazi vya moto kwa kucha, tukivichovya kwenye chumvi. Asubuhi lori la maziwa lilipiga honi kwenye njia panda, na ole wako ukichelewa na debe. Mchana kazi yangu ilikuwa kuchagua viazi: vikubwa vya gunia, vya kati vya sufuria, vidogo vya mbegu. Shosho alikuwa akipapasa kiazi akiwa amefumba macho na kukuambia ni cha aina gani na kimetoka upande gani wa shamba. Mimi nilidhani kila nyanya duniani anaweza hivyo.

Mwalimu alikuwa mpangaji wetu. Alikodi kile chumba cha mbao karibu na zizi, akitufundisha sayansi katika shule ya msingi pale chini. Alitoka magharibi, kwa watu wa mahindi, na viazi kwake vilikuwa chakula tu. Kalamu yake ilikuwa nyekundu. Ukikosea, hakuweka alama ya kosa. Alizungushia kosa lenyewe duara, na makosa yakizidi, chini aliandika neno moja: Nione. Kwa walimu wengine neno hilo lilikuwa na fimbo ndani yake. Kwake ulienda chumbani mwake baada ya masomo, ukakaa kwenye kreti la soda, akakumiminia njugu kiganjani, na mkatafuta pamoja ulipopotelea. Hata hivyo kila nilipoliona neno lile nilifunga daftari haraka. Ndivyo nilivyokuwa, mtoto wa kuogopa kitu kabla hakijafika, na sijabadilika sana.

Sasa, kuhusu mnyama. Upande wa Nandi wana jina lake, lakini sisi tulisema tu yule wa msituni. Mkubwa kama ndama, mabega juu, makalio chini, na akilia utadhani ni mtu aliyepotea. Shosho alikataza kumtaja wakati wa kukamua, ati ng'ombe ataficha maziwa. Sisi wengine tulimwogopa na tukaendelea na maisha. Mwalimu alimtafuta. Kila Jumamosi aliingia msituni na kamera ya kuazima, futi ya fundi nguo, na mkebe wa plasta nyeupe, ile ya kufungia mifupa, ili akipata unyayo aumwagie na kuubeba mzima. Watu walimcheka, naye alicheka nao. Lakini jikoni, siku moja, alimweleza Shosho sababu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na jioni moja ya ukungu karibu na Timboroa alimwona yule mnyama akivuka njia ya treni. Alisimulia, akaitwa mwongo na mlevi. Alikufa akiitwa hivyo.

"Mimi nimetafuta miaka mitatu, Shosho," alisema. "Nikikosa hata alama moja mpaka shule ifungwe, nitaomba transfer nirudi nyumbani. Mama watoto amechoka kuningoja."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya gunia, nikisikia kila neno. Ulikuwa mwaka wangu wa kumi duniani na sikuwa na baba wa kuonyesha mtu yeyote. Mwalimu ndiye aliyekuwa ananikagua vitabu, ndiye aliyenitengenezea mwiko wa kusongea ugali wa kitoto, ndiye aliyesema nitafika mbali. Shule ilikuwa inafungwa baada ya wiki mbili. Wiki ya kwanza sikulala vizuri hata usiku mmoja.

Ijumaa ya wiki hiyo nilienda kuchota maji kwenye chemchemi, pale mashamba ya msituni yalipoishia. Wakati huo familia zilikuwa zinapewa vipande ndani ya msitu, mnapanda viazi huku mkitunza miche ya miti ya serikali, na miti ikikua mnahama. Ndani ya mtungi nilikuwa nimeficha kiazi kimoja cha aina ya Tigoni, kikubwa kuliko vyote ghalani, na vinne vidogo vya mbegu. Nikakikandamiza kile kikubwa kwenye tope, nikapanga vile vidogo mbele yake viwe vidole, na kwa kijiti nikachora kucha. Nyayo saba. Nilizielekeza juu, kwenye mianzi, kwa sababu huko tope lilikuwa laini. Hiyo ndiyo sababu yote. Halafu nikaviosha viazi, nikavirudisha kwenye kapu, na jioni tukavila. Mwalimu aliomba aongezewe.

Jumamosi asubuhi nikamwambia, "Mwalimu, kuna kitu kwa chemchemi."

Sijaona tena mtu mzima akikimbia vile. Alipiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kanisani, akapima, akaandika, akapima tena. Alimwaga plasta kwenye unyayo mmoja, na ilipokauka akauleta jikoni umefungwa kwa sweta. Jirani wetu, mzee mmoja mwenye mbwa watatu, aliitwa aone. Alisimama mlangoni, akautazama kwa mbali, hakuugusa. Mwalimu aliuweka juu ya rafu karibu na moto, akachukua mkoba wake.

"Nafuata hizo zingine. Nitarudi kabla ya kukamua."

Ningesema wakati ule. Mdomo niliufungua, nikamwona anavyotabasamu, nikaufunga.

Saa tisa ukungu ulishuka. Saa kumi Shosho alikamua, na ng'ombe alitoa maziwa yake yote kama siku yoyote nyingine, jambo ambalo lilinitisha kuliko kama angeficha. Mwalimu hakurudi. Saa kumi na moja wanaume wanane walikuwa wamekusanyika uani na mapanga, na mbwa wa jirani wakizunguka miguuni mwao. Mtu alikwenda chemchemini kuangalia nyayo zinaelekea wapi, akarudi akisema ng'ombe wamekunywa maji pale mchana kutwa na tope lote limevurugwa. Wakanigeukia mimi.

"Zilikuwa zinaenda wapi, mtoto?"

"Sijui," nikasema.

Jirani akakuna kichwa. "Shosho, mimi nimeona ile mguu. Hiyo ni kitu kubwa. Siwezi ingiza watu huko na panga tu. Tungoje askari wa msitu kesho asubuhi, ako na bunduki."

Wengine wakaitikia haraka, kama watu waliokuwa wakingoja mmoja atangulie kusema. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kama pasingekuwa na mnyama, wangekuwa tayari wako ndani. Mnyama wangu, niliyemtengeneza kwa viazi vitano ili Mwalimu asiondoke, ndiye aliyekuwa amesimama njiani akiwazuia wasimfikie. Na baridi ya Dundori usiku wa Julai inajulikana. Ilikuwa ikiua ndama zizini. Nilikimbilia jikoni.

Shosho alikuwa pale, peke yake, ameushika ule unyayo wa plasta. Alikuwa hajaugusa tangu asubuhi. Sasa aliupitisha kidole gumba taratibu, kama anavyofanya ghalani, na kidole kikasimama. Kikaenda mbele kidogo, kikasimama tena. Mara tatu. Plasta haina huruma, rafiki yangu, inachukua kila kitu ilichokuta. Mtu wa mahindi asingeona chochote. Jirani angeona, kama angethubutu kuushika.

"Hii ni Tigoni," Shosho alisema.

Nilianza kulia bila sauti. Alikuwa na msemo aliotupiga nao tangu tukiwa wadogo, kwamba njia ya mwongo ni fupi, nikangoja autoe. Hakuutoa. Alinishika bega, akainama mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Ulizielekeza wapi?"

"Kwa mianzi."

Alitoka uani, na mimi nikamfuata nikijua sasa ataniumbua mbele ya wanaume wote. "Ingieni," aliwaambia. "Pandeni na upande wa mianzi. Huyo mnyama mimi namjua. Hana meno."

"Shosho, una uhakika?" jirani akauliza.

"Nimekuambia hana meno. Ingieni kabla giza."

Walimtii. Pale kwetu mtu hakubishana na Shosho mara mbili. Walimpata kabla giza halijafunga, ndani ya shimo la zamani la wapasua mbao lililofunikwa na miiba, hatua chache tu kupita ile mianzi. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika na sauti ilikuwa imemwishia kwa kuita. Daktari wa Nakuru alisema baadaye kwamba baridi ile ingemmaliza kabla ya kupambazuka.

Walipokuwa huko, Shosho alikoroga plasta iliyobaki kwenye mkebe kwa maji kidogo, akaziba vile vishimo vitatu ambapo kidole chake kilisimama, macho ya kiazi yanapochipukia, akalainisha kwa kidole. Alifanya hivyo bila kuniangalia. Basi wakati Mwalimu alipolazwa juu ya magunia nyuma ya pikapu ya maziwa, anatetemeka, midomo imegeuka rangi, Shosho alimwekea ule unyayo kifuani. Mwalimu akaukumbatia.

"Shosho, umeona?" alisema kwa ile sauti iliyokwisha. "Baba yangu hakuwa mwongo."

"Nimeona, Mwalimu. Nenda ukatibiwe."

Hakurudi tena. Kutoka hospitalini alichukuliwa na watu wake, uhamisho ukafuata, na vitu vyake vilibebwa na jirani mpaka stejini. Nilichokuwa nakizuia kwa viazi vyangu kilitokea wiki moja kabla ya siku niliyokuwa naiogopa. Krismasi ilikuja kadi, akimshukuru Shosho, akisema anatembea na fimbo lakini anatembea. Shosho hakulitaja jambo lile tena mpaka tulipomzika. Nami nilikua nikiwa nimebeba kitu. Kazi yangu ilinipeleka magharibi mara nyingi, na mara moja nililala kwenye gesti ambayo, mwenye nyumba aliniambia bila kuulizwa, ilikuwa mwendo wa bodaboda kutoka kwa mwalimu mmoja mstaafu mwenye fimbo. Nilikesha nikijipangia maneno. Asubuhi nikapanda gari la kurudi Nakuru. Nilijiambia kwamba namwachia furaha yake, kwamba nikimwambia ukweli nitakuwa nimemwita baba yake mwongo kwa mara ya pili. Ulikuwa uoga tu, na nilijua.

Mwezi jana nilipanda Dundori. Chemchemi imekauka, mikaratusi imeinywa. Mashamba ya msituni yalifungwa, na mahali pa mianzi pana ua la waya na nyumba ya mabati ya mtu nisiyemjua. Watoto niliowauliza kuhusu yule wa msituni walinitazama kama mtu aliyeshuka na ndege. "Msitu gani, mathe?" mmoja aliuliza, na kweli, msitu gani. Lori la maziwa halipigi honi siku hizi, linatuma ujumbe kwa simu. Wiki hiyo hiyo ndipo binti wa Mwalimu aliponipigia. Alisema baba amefariki, na aliacha neno kwamba ule mguu wa mnyama apewe yule msichana wa kwa Shosho.

Haya, nimekata kamba.

Umekuwa wa manjano, kama jino la mzee. Plasta ya Shosho haikudumu. Imebanduka yote, na macho matatu ya kiazi yako wazi, yananitazama. Kila jicho limezungushiwa duara la kalamu nyekundu. Nimegeuza. Nyuma, kwa mwandiko ule ule wa kwenye daftari zangu, kuna neno moja.

Nione.

Nimempigia binti yake hapo hapo, nikamwuliza wino huu mwekundu ni wa lini.

"Hiyo?" alisema. "Mimi nilikuwa darasa la nne, nikaikuta iko hivyo. Ilikaa kwa meza yake miaka yote. Wageni wakimwuliza nani aonwe, alikuwa anasema tu, mwenyewe anajijua. Na ilikuwa lazima tuweke njugu kwa nyumba, hata kama hakuna sukari. Alisema kuna mwanafunzi atakuja."