Sketi za Mama Chini ya Gauni

Harufu ya chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na sukari hainipi raha mpaka leo. Ikinijia kutoka jikoni kwa jirani yangu hapa Homa Bay, mimi huinuka nikafunga dirisha, nikalifungua tena, nikatafuta kazi ya kufanya. Unisamehe, msomaji, kutotulia huku nilikurithi kwa mama yangu.

Mama alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, kule Muhuru Bay. Nilipokuwa darasa la nne aliambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa sukari. Akawa anameza dawa zake kimyakimya, akanikataza kusema. Lakini mwili haukukatazika, ulikonda. Pale ufuoni mwanamke akikonda watu hawamuulizi, wanajijibu wenyewe. Wengine walisema ni ule ugonjwa mwingine, wengine wakasema ni chira, eti kuna mwiko wa ukweni ameuvunja.

Basi Mama akaamua kunenepa kwa lazima. Kila nyumba aliyokaribishwa alipokea chai, akaongeza sukari huku wenyeji wakimwona. Soda aliinywa amesimama katikati ya wanawake wenzake. Na mwili ulipokataa kurudi, akaanza kuvaa sketi juu ya sketi ndani ya gauni, katika jua lile la ziwani. Mimi nilidhani ni urembo. Nilijivunia sana makalio ya mama yangu.

Hakukaa mahali pamoja. Aligeuza omena waliokwisha kukauka, akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akainuka kwenye chakula kabla sijameza tonge la kwanza. Nilimfuata huku na huko, nikiogopa kitu nisichokijua.

Siku moja akaanguka juu ya neti ya omena.

"Wuololo! Mvueni, anaungua!" alipiga kelele Mama Achieng', rafiki yake wa kuanika naye.

Wakamvua gauni, kisha sketi, kisha sketi nyingine, na nyingine tena. Wanawake wale hodari wa kusema wakaziokota sketi moja moja. Nikaziona mbavu za mama yangu, nikalia kwa hasira.

Alipofumbua macho hospitalini hakuuliza amepatwa na nini. Aliuliza, "Nani alinivua?"

"Ni mimi," alisema Mama Achieng'. "Kwani Mama Atieno, ulikuwa umevaa duka yote?"

Mama alicheka, kicheko kikageuka kilio. "Niko na sukari. Niliogopa mtasema."

"Tulisema," Mama Achieng' akajibu, macho chini. "Tulisema sana."

Wakati ule niliona ni sukari iliyomwangusha. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba aliyakimbia macho ya watu, na katika kukimbia huko alikuwa akijiua mwenyewe.

Juzi nami nimeambiwa nina sukari. Nilitoka kliniki nikaingia duka moja, nikatoka, nikaingia lingine, sikumbuki nilitaka nini. Mwisho nikampigia Mama simu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umeambia nani?"

"Wewe tu, Mama."

"Hapana, Atieno. Mimi ni mamako, mimi sihesabiki. Ambia mtu mwingine, tena leo."

Nikazunguka mji mzima nikimtafuta wa kumwambia. Kila niliyemsalimia nilimuuliza habari za watoto, nikaenda zangu. Nikarudi nyumbani, nikajilazimisha kukaa kitini, nikaanza kukuandikia wewe, msomaji.